Nusu ya Ujumbe wa Bakari

Bakari Songoro alizikwa Ijumaa baada ya sala, na Jumamosi asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye ua wa nyumba yake hapa Majengo, kisu mkononi, namenya viazi pamoja na wanawake ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka ninaotaka kuusimulia. Viazi vilikuwa vya Mudende, vikubwa, bado vina udongo mweusi. Mazungumzo ya matanga ni yale yale: nani amekuja, nani hakuja, mchele utatosha au hautatosha. Halafu Shakila, mke wa dereva Hamisi, akauliza mbona chumba cha marehemu hakina taa na nyumba nzima inawaka. Mariamu, binti mkubwa wa Bakari, ambaye naye tayari ana wajukuu, akajibu bila kuinua macho kwenye sufuria. "Baba hakutaka kuran, umeme huu, karibu yake. Miaka yote alilala na kandili, kisha na tochi. Na zamani alikuwa fundi wa kuran, wakati wa Wabelgiji." "Fundi, na anaiogopa?" "Wanasema aliua mutu nayo. Sisi tulisikia kwa watoto wenzetu, walikuwa wanatuimbia njiani. Yeye hakutuambia hata neno." Shakila akasema "Yoo," kama watu wasemavyo kwa jambo la zamani lisilowahusu, akaomba chumvi. Mimi kiazi kilinitoka mkononi, kikabingirika mpaka miguuni kwa Mariamu. Akakiokota, akanirudishia. "Pole bibi," akasema.

Pole. Aliniambia pole, mimi.

Mwaka ule nyaya za umeme zilipofika kwenye barabara ya ziwani, nilikuwa na miaka kumi na sita, na kazi yangu ilikuwa kufua na kukunja mashuka kwenye pansiyoni ya Madame Ghislaine. Pansiyoni ndivyo tulivyoiita nyumba ile ya wageni, yenye veranda mbele na mitende mpaka majini, ambako Wazungu wa migodi na wa mashamba ya kahawa walikuja kupunga upepo na kula samaki kwa uma. Sisi tulikuwa nyuma. Chumba cha kufulia kilijengwa kwa mawe meusi ya volkano, sakafu yake ya simenti haikukauka hata siku moja, na dirisha lake moja lilitazama mlima Nyiragongo, kwa hiyo asubuhi ukichelewa kazini ulikuwa na kitu cha kusingizia, kwamba ulidhani ukungu ni moshi. Naweza kukutajia kila mtu aliyekula kwenye ua ule: mpishi Rajabu bin Sefu, kapita Sebahire aliyetusimamia, mtunza bustani Ntamakemwa, na Felesita Nyirabagenzi aliyepiga pasi. Watu hunisifu kwa kukumbuka majina. Wajukuu wangu huniuliza jina la mtu aliyekufa kabla ya baba zao kuzaliwa, nami nalitaja na la mama yake, nao wanacheka, wanasema bibi ana kipaji. Si kipaji. Nitaeleza kilikotoka.

Felesita alikuwa mtu wa ziwani, wa nyumba za wavuvi upande wa Nyamyumba, Mkristo mwenye medali ndogo ya Bikira Maria shingoni, amenizidi kama miaka kumi. Mchana tulikula pamoja juu ya ndoo zilizopinduliwa: maharage, ndizi, na siku nyingine samaki wadogo aliowaleta kwao ndani ya jani la mgomba. Dagaa hawa wa sambaza walikuwa bado hawajaletwa ziwani siku zile, watoto wa leo hawaamini. Alinifundisha kula vichwa. "We mutoto wa maduka," aliniambia, "mumezoea nyama ya kupima ku mizani. Samaki anakutazama, na we umutazame, halafu unamukula. Hiyo ndiyo heshima." Alikuwa na ulimi, na hakumhurumia mtu. Alimwita kapita Sebahire "Bwana Ndiyo-Madame" mbele yake, naye alijifanya hasikii. Kutwa nzima alisimama na pasi ya makaa iliyomuumiza kichwa kwa moshi, na cheche ikiruka kwenye shuka, kosa lilikuwa lake. Kwa hiyo Madame aliponunua pasi ya kuran, Felesita aliizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe. Akaigusa kwa kidole kimoja. "Haina tumbo," akasema. "Sasa inakula nini?"

Aliyekuja kutuwekea nyaya ni Bakari. Alikuwa kijana wa hapa hapa Majengo aliyejifunza ufundi Bukavu kwa Mzungu mmoja, akarudi na baiskeli, kaptula ya kaki na penseli sikioni. Alifanya kazi yake polepole hadi Madame akachoka. Siku mbili nzima alikuwa nyuma ya chumba cha kufulia akipigilia chuma ardhini, maana pale kwetu chini ya shubiri mbili za udongo kuna mawe tu, amakoro, yale mawe mepesi yenye matundu ambayo mlima uliyatapika zamani. Chuma kiliingia kidogo, kikagoma. Akahamia hapa, kikagoma, akahamia pale, kikagoma. Felesita akamwuliza kama anatafuta maji au anazika mchawi. "Natafuta tere, ardhi ya kushusha kuran," akasema Bakari, akafuta jasho. "Sikia, dada. Kuran ni kama mutu wa safari. Inatoka ku mashine, inapita ku waya, inafanya kazi, inarudi kwao. Siku waya inajeruhiwa ndani ya pasi, kuran inapotea njia, inaingia ku chuma ya pasi. Sasa itarudi kwao na njia gani? Kama tere iko muzuri, itashuka na hii chuma, mbio mbio, na ile mbio inakata fuzibule, ule uzi wa usalama, bon, yote inazimika, we unakasirika tu kwamba pasi imekufa. Kama tere iko mubaya, haina njia. Itangoja." "Itangoja nini?" "Itangoja mutu aiguse."

Felesita aliyagusa mawe kwa mguu. Kisha akauliza kama mawe yale yanaweza kuwa njia. Bakari akasema mawe yenyewe hapana, ila yakiwa na maji, na maji yakiwa na sabuni ni bora zaidi. Ndipo alipochagua pahali penyewe, pale mfereji wetu wa maji machafu ulipotokea ukutani, na chuma akakipigilia katikati ya povu. Tangu siku ile kile chuma kikaitwa Mzee. Felesita ndiye aliyekipa jina, kwa sababu kilikuwa chembamba, kimesimama peke yake, na kilipenda kunyweshwa. Kila tulipomwaga beseni, tulisema, "Muzee, karibu chai." Rajabu mpishi naye alitoka na maji ya kuoshea sufuria, akasema, "Muzee leo anapata na mafuta."

Mvua za masika zilikuwa bado zinanyesha Bakari alipopima mara ya kwanza. Hakuwa na msaidizi, akaniita mimi kwa kuwa nilijua kusoma tarakimu. Alileta saa ya sindano ya kupimia kuran ndani ya sanduku la ngozi, mali ya tajiri wake wa Bukavu, na resho moja ya kupikia. Alifunga ile resho kati ya waya wa kuran na waya wa Mzee, ili kuran ilazimike kurudi kwao kwa kupitia ardhini, akaniambia nitazame sindano na nitaje inaposimama. Kabla hajafunga, mia mbili na ishirini. Alipofunga, sindano ikatetemeka, ikashuka. "Mia mbili!" nikapiga kelele. "Kamili?" "Kamili!" Akacheka, akachukua penseli, akaandika juu ya kibao cha sanduku la sabuni. Ishirini tu ndizo zilizoliwa njiani, alieleza, na ugumu wa njia yote, kwenda na kurudi, ni nne na kidogo. Gawa mia mbili na ishirini kwa hiyo, unapata hamsini, ndiyo kuran itakayopita. "Fuzibule ni ya kumi na tano. Ikija hamsini, itakatika mbele we haujamaliza kusema bismillahi." Nilimwomba anionyeshe hesabu tena. Shule yangu ilikuwa chuo cha Kurani na madarasa mawili ya masista, kugawanya hawakufika. Alinionyesha mara tatu, bila kuchoka, na nikaipenda ile hesabu kama mtu anavyopenda wimbo. Ukitaka kujua kama utakufa au hutakufa, unagawanya. Alipokuwa akifunga sanduku akasema, "Kiangazi nitarudi nipime tena. Tere ya masika inasema uongo."

Mwezi wa sita mvua zikakata. Wageni wakaanza kujaa, na mmoja akalalamika kwamba dirisha lake linanuka sabuni ya kufulia. Madame akamwita Ntamakemwa, na kwa siku moja mfereji ukahamishwa upande wa pili, nyuma ya jiko, na pale pa zamani pakamwagwa changarawe nyeusi safi na kupandwa maua. Mzee akabaki amesimama katikati ya maua, mkavu. Felesita alisema, "Masikini, wamemupeleka ku pansiyoni," tukacheka. Mwanzoni tulimbebea maji kwa ndoo, kwa mchezo tu. Kisha mashuka yakawa mengi, tukaacha.

Bakari alirudi Jumamosi moja ya mwezi wa saba, karibu na saa sita mchana. Felesita alikuwa amekwenda ziwani kuanika mablanketi. Bakari aliona maua, akasimama. "Nani alitoa maji hapa?" Hakungoja jibu, alifungua sanduku. Mia mbili na ishirini. Akafunga resho. Sindano ikaanguka kama ndege aliyepigwa manati. "Mia moja," nikasema, "mia moja na kumi." "Soma muzuri, Zaina." "Mia moja na kumi, kaka." Alikuja akatazama mwenyewe. Nusu yote ilikuwa imeliwa njiani. Safari hii hesabu niliifanya mimi, kwa kidole kwenye vumbi: ugumu wa resho ni arobaini na nne, wa njia nao ni arobaini na nne, mia mbili na ishirini kwa arobaini na nne, tano. Alitikisa kichwa kwamba ni sawa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba ni sawa. "Tano," akasema. "Fuzibule ya kumi na tano itabeba tano mpaka kiama. Itakaa tu pale, inatazama mutu anakufa."

Alikuwa na haraka. Meli ya Bukavu ilikuwa inaondoka saa saba, na Bukavu ndiko kulikokuwa na chuma kirefu cha kuongeza. Sanduku la fuzibule, ambako angeweza kuikata kuran, lilikuwa kwenye korido ya chumba cha kulia, wageni walikuwa mezani, na wakati wa chakula hakuna Mwafrika aliyeingia humo isipokuwa wabeba sahani. Jumamosi mimi nilikuwa mbeba sahani. Akachomoa pasi, akaukunja waya wake, akaiweka juu ya rafu, akanigeukia. Yale aliyosema nayajua mpaka leo neno kwa neno. "Mwambie Madame hivi: bukle imekuwa mukubwa. Usibadilishe, sema bukle, hilo ndilo neno lao, atafahamu. Fuzibule haitakatika. Pasi isiguswe mpaka Jumanne nirudi. Na Felesita umwambie vile vile, amumwagie Muzee maji, mengi." Akapanda baiskeli.

Bukle. Hapo kabla alisema njia, alisema tere, hakuwahi kusema bukle. Na mimi bukle nilizijua. Wasichana wote wa Majengo tulizijua, ndivyo tulivyoita herini, kwa Kifaransa cha sokoni, mabukle ya dhahabu, mabukle ya shaba. Madame Ghislaine alikuwa na jozi kubwa za duara zilizomgonga shingo akigeuka. Nilijiuliza fundi ana habari gani na herini za Madame. Ningeweza kumkimbilia getini nikamwuliza. Sikumkimbilia, kwa sababu nilikuwa nimepewa neno la Kifaransa la kupeleka mezani, na sikutaka ajue kwamba silijui.

Nilivaa aproni nyeupe nikaingia na samaki. Walikuwa wageni wanane. Nilisimama karibu na kiti chake, nikasema kwa sauti niliyoona ni ya heshima, "Madame, fundi Bakari anasema bukle yako imekuwa mukubwa." Yako. Hilo neno Bakari hakunipa. Niliongeza mwenyewe, kwa adabu. Madame alinyanyua mkono akashika sikio. Mama mmoja wa Kizungu akacheka hadi akaweka uma chini, kisha meza yote. Mgeni mmoja tu hakucheka, Mzungu wa migodini mwenye ndevu nyekundu. Aliinamisha kichwa akauliza, "Quelle boucle?" Bukle gani? Akaniangalia mimi, si Madame, na alikuwa anangoja nijibu. Lakini Madame alikwisha simama, uso umemwiva. "Wewe kujua adabu hapana! Na yeye kujua adabu hapana! Toka!" Akanipiga kofi moja mbele ya wote, si la nguvu, kama mtu anavyofukuza nzi. Nikatoka mbio. Yule Mzungu wa ndevu nyekundu aliondoka kesho yake. Ni mtu pekee wa mwaka ule ambaye jina lake silijui.

Habari zilitangulia mbele yangu mpaka uani. Rajabu alikuwa amechungulia mlangoni, na nilipofika chumba cha kufulia Felesita alikuwa amerudi, ameketi juu ya ndoo, amening'iniza vibanio viwili vya nguo masikioni. "Karibu, Madame," akasema, akigeuza shingo huku na huku. "Niambie, bukle yangu iko mukubwa?" Rajabu alijishika tumbo. Hata Ntamakemwa alicheka, mtu asiyecheka. Ningecheka nami, siku nyingine yoyote. Lakini shavu lilikuwa bado la moto. Felesita alivua vibanio, akaona uso wangu, akalegeza sauti. "Bon, imeisha, kadada. Njoo ule. Na Bakari alisema nini hasa?"

Hilo ndilo swali. Nimejiuliza umri wangu wote kama dunia humpa mtu nafasi ngapi. Mimi nilipewa moja iliyo wazi kama mlango, kwa sauti ya upole, na sahani ya maharage imefunikwa inaningoja. Nikasema, "Muulize mwenyewe." Nikachukua beseni, nikatoka. Jumapili hatukufanya kazi. Jumatatu asubuhi nilikuwa bado nimenuna, nikapita mlangoni bila salamu, nikaenda kuanika. Felesita aliniita mara moja, "Zaina, mbona pasi iko ku rafu?" Sikuitika. Mtu asiyeitika hadhani kwamba anasema kitu.

Hakupiga kelele. Watu hudhani wanaokufa hivyo hupiga kelele. Nilichosikia ni Rajabu, "Yebaba weee!", na mti wa ufagio ukigonga simenti. Nilipofika alikuwa ameshautenganisha mkono wa Felesita na pasi kwa ule ufagio, naye Felesita amelala ubavu kwenye sakafu yenye maji, miguu mitupu, medali imegeukia mgongoni. Tulimwita. Rajabu alimpulizia uso, alimsugua miguu. Ninachokumbuka kuliko vyote ni friji ya jikoni. Jiko na chumba cha kufulia vilitumia fuzibule moja, na friji ilikuwa inaendelea kunguruma ng'ambo ya ukuta, kwa raha zake, kama hakuna kitu. Waya ulikuwa umejeruhiwa ndani ya pasi, na kumi na tano ilikuwa inabeba tano.

Jumanne Bakari akaingia getini na chuma kirefu begani, anapiga mluzi. Alipowaona ndugu wa Felesita wamekaa chini kwenye changarawe, mluzi ukakatika. Alikiweka chuma taratibu, kana kwamba kinaweza kuamsha mtu.

Siku iliyofuata alikuja ajenti wa serikali na daftari. Alikaa kwenye chumba cha kulia, meza ile ile. Kabla sijaitwa, kapita Sebahire alinisimamisha kwenye ngazi. Alikuwa ndiye mkalimani. "Sikia, mutoto," alisema, chini chini. "Madame amesema hapakuwa na onyo. Ukisema ulipewa ujumbe, watauliza ulipeleka kwa nani, na marehemu uliambia nini. Uliambia nini marehemu?" Nikatazama ngazi. "Donc, unaona. Ukifungua mudomo, muuaji ni we." Nikaingia. Madame alikaa dirishani, masikio matupu, bila herini. Nilitazama tu vile vitundu viwili. Ajenti aliuliza, Sebahire akageuza: fundi huyu aliacha onyo lolote? Bakari alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, hatua nne kutoka kwangu. Nikasema, "Hapana."

Ajenti akamgeukia Bakari. Bakari akasema kwa Kiswahili, pole pole ili kiandikwe, "Nilipima. Tere ilikuwa mubaya. Nilituma mutu." "Ulimtuma nani?" Nilisikia maji ya ziwa. Alinitazama, si kwa hasira, alinitazama kama alivyotazama sindano ile Jumamosi, kuhakikisha amesoma vizuri. Kisha akasema, "Nimesahau jina."

Ajenti akacheka puani, akaandika.

Bakari alifungwa mwaka mmoja, na kibali cha ufundi kikachukuliwa. Akaja fundi wa Kizungu akapigilia chuma kile kile alichokileta Bakari, mfereji ukarudishwa pale pa zamani, maua yakang'olewa. Mimi nilibaki kazini mpaka bendera zilipobadilika na Madame akaenda kwao. Nilipiga pasi, kwa pasi nyingine, na kila asubuhi kabla ya kuigusa nilimpa Mzee ndoo mbili, na sikusema karibu chai. Bakari alipotoka alikaa karibu na soko akitengeneza mapirimusi, majiko ya mafuta ya taa, na baiskeli. Kitu chenye waya hakugusa tena. Watoto wake walikua wakiitwa watoto wa muuaji. Nilipita pale mara ngapi? Mji wetu ni mdogo, huwezi kwenda msikitini wala ziwani bila kupita sokoni. Na kila nilipopita, msichana, kisha mke wa mtu, kisha mjane na mkongojo, aliinua kichwa akasema, "Zaina, habari za nyumbani?" Hakuwahi kuruka jina. Mtu mwingine angesema dada, angesema mama. Yeye Zaina, kila mara, miaka sitini na zaidi. Nilianza kushika majina ya watu siku niliyosikia mtu akisema amelisahau la kwangu, na niliyashika yote, la kila mteja wa kila duka, nikidhani labda yakifika mengi, deni la lile moja litatoka. Halikutoka. Wala sikusimama hata siku moja pale kwenye mapirimusi nikasema neno moja. Nilijibu, "Nzuri, kaka," nikapita.

Basi Jumamosi hiyo ya matanga Mariamu alinirudishia kiazi, akasema pole, nikakishika na sikukimenya. Shakila alikwisha hamia kwenye habari za mchele. Nikasema, "Mariamu, baba yako hakuua mtu." Akaniangalia kama tunavyowaangalia wazee wanaosema pembeni ya mazungumzo. Nikasema, "Alituma ujumbe, na niliyetumwa ni mimi." Kisha nikausema, wote, mara ya kwanza wote, pale mbele ya masufuria: bukle imekuwa mukubwa, fuzibule haitakatika, pasi isiguswe mpaka Jumanne, na Felesita amumwagie Muzee maji, mengi. Sauti ilitoka ya kisichana, sijui kwa nini. Nikaeleza bukle ni nini, kwamba si herini bali ile njia nzima ya kuran kwenda na kurudi, na mezani, na vibanio vya nguo, na sahani ya maharage. Nikaeleza habari ya ajenti, kwamba baba yake aliulizwa jina mbele yangu akasema amelisahau. Wanawake waliacha visu. Birika la umeme lilikuwa likichemka juu ya stuli, mtu akanyoosha mkono akalizima.

Mariamu hakulia. Alifuta mikono kwa kitenge, kidole kimoja kimoja. "Jina lako nani, bibi?" akauliza. "Sisi tumekuzoea kwa bibi."

"Zaina."

Akalirudia midomoni, bila sauti, kama mtu anayepima kitu kwa kiganja.

"Fupi hivi," akasema. "Na baba akalisahau."

Akaliondoa beseni la viazi miguuni pangu, akalivuta kwake, akaendelea kumenya.